Tepu Thelathini

"Jiko limezimika."

Kupe alikaza simu sikioni. "Kuni za akiba zipo?"

"Wanasema zipo. Nenda ukaone mwenyewe. Una mpaka saa sita; betri za hospitali haziendi zaidi ya hapo."

Simu ikakatwa. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

Kupe si jina lake. Wenzake wa idara ya usalama walimpa kwa sababu akishamshika mtu hang'oki. Aliwasha Yamaha yake, akapenya katikati ya magari yaliyokwama kwenye makutano yasiyo na taa. Nchi nzima haikuwa na umeme. Mtu alikuwa ameingia kwenye kompyuta kuu ya shirika la umeme akafuta mafaili ya usanidi, yale maelekezo yanayoiambia mashine umeme uende wapi na kwa kiasi gani. Bila hayo, mashine ile ya tani mbili ni kabati la chuma tu.

Dawa ilikuwa moja: nakala ya akiba, ile inayotunzwa kwenye tepu za sumaku.

Mkuu wa kompyuta alimpokea mlangoni, shati limeloa mgongoni, tabasamu pana. Nyuma ya jengo jenereta ilikuwa inanguruma.

"Dada, ondoa wasiwasi. Tepu thelathini tunazo. Kila Ijumaa zinakaguliwa. Fomu hizi hapa, na sahihi yangu hiyo."

"Nionyeshe tepu, siyo fomu."

Harufu ilimfikia kabla mlango wa chumba cha tepu haujafunguka vizuri. Ukungu ukutani. Mavi ya panya kwenye rafu. Juu ya sanduku lililoandikwa SIRI KUBWA kulikuwa na sahani ya mifupa ya kuku wa juzi, na nzi wakijilia kwa raha zao. Kupe aliwahi kujificha siku mbili kwenye mtaro wa maji machafu. Mtaro ulikuwa na afadhali.

Aliingiza tepu ya kwanza kwenye mashine ya kusomea.

Tupu.

Ya pili. Tupu.

Ya tatu ilikuwa bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani, na zote zilizoifuata pia.

"Mnazikaguaje?" aliuliza.

Mtunza tepu, mama wa makamo, alijifanya anapanga fomu. "Tunazihesabu. Zikitimia thelathini, tunaweka alama ya vema."

"Mnazisoma lini?"

"Kuzisoma?" Akamtazama bosi wake kuomba msaada. "Miaka mitatu nipo hapa, hatujawahi kuambiwa tuzisome."

Miaka mitatu. Ijumaa zaidi ya mia moja na hamsini za alama za vema, sahihi na mhuri juu ya hewa. Kupe aliirudisha tepu kwenye rafu kwa ncha za vidole. Adui angalau anajijua kuwa ni adui.

Mkuu alikuwa bado anatabasamu. "Haya ni mambo ya kiufundi tu, dada. Tutaunda kamati."

Simu yake ikalia. Alisikiliza. Tabasamu likamtoka.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Yupo wodi ya watoto njiti. Mjukuu wangu ana siku tatu. Jenereta ya hospitali imegoma, mashine za joto zinatumia betri. Mwisho saa sita." Akakaa sakafuni. "Wapo watoto tisa, dada."

Wale wanane wengine walikuwa wodini tangu asubuhi. Yeye ndiyo kwanza anaingiwa na hofu.

"Inuka. Nani ameingia humu wiki hii?"

"Fundi mgeni, wa kampuni ya nje. Alisema kazi ya nakala inachosha, angetusaidia. Nikampa neno la siri." Akalamba midomo. "Leo asubuhi wametuma barua. Tukiwakabidhi mitambo yote kwa miaka hamsini, wataurudisha umeme ndani ya nusu saa."

Nusu saa. Basi wanayo nakala. Tena nakala inayosomeka.

"Amefikia wapi?"

"Hotelini, mkabala na posta. Ghorofa ya tisa, chumba cha mwisho." Akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemtafutia chumba."

Kupe alitema mate nje ya mlango, akatoka mbio.

"Kupe kwa Kituo," alisema kwenye redio yake. "Hoteli ya posta. Leteni gari."

"Kituo. Tumekusikia."

Lifti zilikuwa zimelala. Alipanda ghorofa tisa kwa ngazi, huku akimlaani aliyezima umeme na aliyemruhusu.

Teke moja, mlango chini.

Fundi alikuwa anafunga begi. Mkono wake ulikimbilia chini ya mto. Beretta ya Kupe ilisema kwanza. Mto ukatoboka, manyoya yakaruka. Fundi akarusha kiti. Kupe akainama, akampiga goti, akamlaza kifudifudi na kumfunga kwa waya wa televisheni.

Ndani ya begi mlikuwa na tepu tatu. Kila moja ndani ya kasha lake, imefungwa kwa kitambaa kikavu. Juu yake mwandiko safi: tarehe, saa, imesomwa mara mbili.

Fundi alicheka, meno yana damu. "Dada, nchi yenu haina nakala nyingine. Mtunza tepu wenu ni mimi."

Kupe alitamani kumpiga tena. Aliacha, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchukiza kuliko damu ile.

Saa tano na dakika arobaini na sita, tepu iliingia kwenye mashine ya shirika la umeme. Ilizunguka.

USANIDI UMESOMWA.

Mashine iliamka. Dakika tano baadaye taa za mtaa mzima ziliwaka. Simu ya mkuu ikalia: mjukuu mzima, wote tisa wazima. Mzee alilia kwa sauti, akaikumbatia kompyuta. Kupe alikaribia kumwonea huruma.

Kisha mkuu akafuta machozi, akanyoosha tai, akamgeukia mtunza tepu.

"Mama, iweke hiyo tepu kabatini. Na ujaze fomu ya leo. Andika thelathini na moja, zote zimekaguliwa."

Mtunza tepu akachukua kalamu.

Pingu zikalia kwenye mikono ya mkuu.

"Mimi? Mimi nimeibiwa! Hukuona nilivyolia?"

"Nimeona."

"Nina mjukuu, dada!"

"Unaye. Betri yake ilibakiza dakika tisa."

Nje, redio ilikwaruza. "Kituo kwa Kupe. Umempata adui?"

"Wawili."

"Wote wageni?"

"Mmoja tu."

Akaizima redio. Alimwomba mlinzi wa geti sabuni, akanawa mikono mpaka viwikoni, akapanda Yamaha na kuondoka bila kugeuka.