Wembe wa Bi Mashavu

Mwaka ule wa sabini, ukiumwa na mgongo pale mtaani Mlandege, jawabu lilikuwa moja tu: "Nenda kwa Bi Mashavu akakuumike." Bi Mashavu alikuwa mumishi. Humchanja mtu kwa wembe, akambandika chuku, ile pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, akainyonya mpaka damu itoke. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo wake mwepesi zaidi.

"Tulia wee! Mwanamume mzima unalilia wembe?"

Pembe aliisugua kwa ndimu na jivu. Wembe aliufuta kwa kitambaa tu. Aliurithi kwa mama yake, na mama alimuusia kwamba wembe wa kuumikia haupelekwi motoni, moto utaila baraka yake. Bi Mashavu, maskini, akaushika usia ule kwa mikono miwili.

Siku moja akapiga hodi Daktari Borafya, mtafiti wa maradhi ya ini.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Kule shamba la Kizimbani vibarua sita wamegeuka macho manjano. Watu wanasema wameambukizwa na mbuzi wa shamba. Nimewapima damu mbuzi, nimewapima hata kima wa mitini."

"Ala! Mbuzi nao wanaumwa mgongo siku hizi?"

Watu barazani wakacheka. Daktari naye akacheka kidogo, kisha akaendelea.

"Wanyama wana virusi vyao, vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Lakini hao mbuzi na kima hawana hatia. Nadhani kijidudu hiki kinatoka damu ya mtu kwenda damu ya mtu. Na wanne kati ya wale sita wameumikwa hapa. Nakuomba, Bi Mashavu, kila mtu aje na wembe wake mpya. Na pembe uichemshe dakika ishirini."

"Miaka ishirini naumika, sijaua mtu! Nenda kawaumike mbuzi wako."

Lo! Laiti angeuzuia ulimi wake siku ile.

Wiki hiyo hiyo alikuja Machano, kibarua wa Kizimbani. Viungo vinamuuma, chakula hakitaki, mkojo wake umekoza kama chai ya rangi. Bi Mashavu akamuumika. Machano hajafika hata sokoni Darajani, akaingia Mize, mdogo wake Bi Mashavu, na kichwa kinamgonga. Wembe ukafutwa. Mize akachanjwa.

Miezi mitatu baadaye, Mize akageuka macho manjano kama aliyetiwa bizari. Tumbo likamuuma upande wa kulia. Binti yake, Tabia, akampeleka hospitali. Bi Mashavu akakaa ubavuni pake.

"Dada," Mize alisema, "mkono wako mwepesi. Hebu niumike nipone."

Bi Mashavu alimfunika shuka. Siku ya kumi na moja Mize akafariki.

Matanga yalipokwisha, Bi Mashavu alikwenda mwenyewe kwa Daktari Borafya.

"Niambie kweli, daktari. Ni mimi niliyemuua Mize?"

"Siwezi kuapa. Lakini wembe ni njia. Mtu huwa nacho kijidudu damuni kabla macho hayajageuka. Wengine hawaumwi kabisa, nao wanaambukiza. Damu chembe tu, hata usiyoiona, inatosha. Kitambaa hakiitoi."

"Na uliniambia."

"Nilikwambia, Bi."

Majuto ni mjukuu. Alirudi nyumbani akalia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akautumbukiza wembe wa mama yake ndani ya shimo la choo. Tangu siku hiyo kila mteja alikuja na wembe mpya, na ukishatumika ulifuata shimoni. Pembe zilichemshwa dakika ishirini, kwa saa. Watu walinung'unika. "Bi Mashavu kawa mzungu!" Yeye aliwaacha waseme.

Mwaka ukapita. Daktari Borafya akaja na daftari lake. Alikuwa amewafuata wateja wote wa mwaka mzima.

"Hakuna hata mmoja aliyegeuka manjano, Bi Mashavu. Hata mmoja!"

"Alhamdulillahi," alisema. Lakini uso wake haukukunjuka.

Siku chache baadaye alikuja Tabia, anaumwa na mabega. Mkononi ana wembe mpya ndani ya karatasi.

"Mama mkubwa, na mama alikuja na wembe wake?"

Bi Mashavu angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"La, mwanangu. Nilimchanja kwa wembe niliomchanjia Machano. Na daktari alikuwa keshanikataza. Nilimcheka."

Tabia aliinuka. Akaukunja wembe wake katika karatasi, akaondoka bila ya kuaga. Bi Mashavu hakuthubutu kumwita.

Mlangoni alikuwa akingoja Mzee Jecha, fundi cherahani. Akaingia, akavua shati.

"Wembe wako uko wapi?"

"Aa, nimeusahau. Azima wa mtu yeyote hapo, Bi. Mara moja tu, kwani kuna nini?"

"Vaa shati lako, ukanunue dukani. Nitakungoja," alisema Bi Mashavu, na machozi yanamtoka. "Ukifa kwa mkono wangu, Mzee Jecha, nitamwambia nini mwanao?"