Rafu ya Bibi

Shuleni na nyumbani walimwita Cherehani kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Akikaa mezani, goti lilipanda na kushuka mpaka vikombe vikagongana. Akitumwa sabuni dukani, alirudi na sabuni, habari za mtaa mzima, na kamba za viatu zikiburuta vumbi. Mama yake, ambaye alikuwa muuguzi, alipenda kumtania kwamba angefungiwa uzi na sindano angeshona shati zima kabla chai haijapoa.

Jambo moja tu ndilo lililomtuliza: kumsomea Bibi. Bibi, mama mzazi wa Mama, alikuwa amefundisha shule kwa miaka mingi kabla ugonjwa wa macho haujampofusha. Chumbani kwake ukuta mzima ulifunikwa na rafu ya mbao iliyosheheni vitabu. Kila jioni, baada ya chakula, alisimama mbele ya rafu hiyo, akapitisha vidole kwenye migongo ya vitabu, kisha akachomoa alichokitaka. Hadithi za safari zilikaa katikati, mashairi juu yake, vitabu vya kilimo na ufugaji mwisho kabisa kulia. Hakukosea.

"Kusoma kumenishinda," alizoea kusema, "lakini kuchagua bado ni kazi yangu. Haya, mwalimu, anza."

Muhula huo wanafunzi wa darasa la Cherehani waligawanywa katika vikundi vya kusoma, na kila Jumamosi kikundi kilikutana nyumbani kwa mmoja wao. Walianzia kwa Kidoti, msichana mwenye alama nyeusi shavuni. Kule sebuleni walikuta vitabu vimepangwa kwa rangi: vyekundu pamoja, vya manjano pamoja, kisha vya kijani na vya buluu, na juu yake maua ya karatasi. Wote walibaki midomo wazi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Cherehani, na kwao vitabu vyote vilikuwa chumbani kwa Bibi.

Wiki nzima alikosa raha. Kila akiingia chumbani kwa Bibi aliiona ile rafu kwa macho mapya. Kitabu chembamba kimebanwa na vinene viwili, chekundu kimekaa na cha kahawia, vingine vimelala chali. Watamcheka!

Alhamisi alasiri Mama alikuwa kazini na Bibi amekwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Cherehani akavua viatu, akapanda juu ya kigoda, akaanza kuteremsha vitabu. Alivipangusa vumbi, akavitenga kwa rangi, akavirudisha. Maua ya karatasi aliyabandika juu kabisa, mahali ambapo mkono wa Bibi haukufika. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama. Lo! Rafu ilipendeza kama kitambaa kipya. Bibi hakumjia akilini hata kidogo.

Jioni ile Bibi alisimama mahali pake pa kawaida. Vidole vilitembea, vikasita, vikarudi nyuma, vikatembea tena. Hatimaye akachomoa kitabu.

"Leo nataka tusafiri jangwani," alisema huku akikaa kitandani.

Cherehani akafungua kitabu. "Bibi, hiki kinasema... *Kuku wa mayai asilale kwenye unyevu.*"

Bibi akacheka. "Basi kuku wamevamia jangwa! Kirudishe." Akasimama tena, akapapasa kwa muda mrefu zaidi, akatoa kingine. Kilikuwa cha hesabu. Safari hii hakucheka.

"Cherehani, kuna mtu amegusa vitabu vyangu?"

Jibu lilikuwa pale pale mdomoni. Lakini alikumbuka Jumamosi, akakumbuka alivyohangaika, akaogopa kuambiwa avirudishe vyote.

"Hapana, Bibi."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

Bibi akakirudisha kitabu taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Basi ni mimi," alisema. "Nenda ukalale, mjukuu wangu. Leo nimechoka."

Cherehani alijigeuza kitandani huku na huku. Alijiambia kwamba Jumamosi ikipita atavirudisha vitabu, na mambo yataisha. Asubuhi alipoamka alimkuta Mama jikoni akipasha maji, bado amevaa sare ya kazini. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani. Hilo lilikuwa jambo geni, kwa maana chai ya asubuhi aliipika Bibi mwenyewe. Alilijua jiko lile kuliko wote wenye macho.

"Mama, mbona leo hupiki?" Mama alimuuliza Bibi.

"Mtu aliyesahau vitabu vyake viko wapi asikaribie moto," Bibi alijibu. "Jana nimepotea mbele ya rafu yangu mwenyewe, mwanangu. Macho yalipoondoka nilivumilia, nikasema kichwa bado kipo. Sasa naona nacho kinaniaga."

Mama aliacha sufuria. "Usiseme hivyo, Mama. Kesho sina zamu. Nitakupeleka hospitali, daktari akuangalie."

Cherehani hakunywa chai yake. Shuleni mwalimu alimuuliza swali mara mbili, na mara zote mbili akasimama bila kujua ameulizwa nini. Goti lilipanda na kushuka mpaka jirani yake akalishika kwa mkono. Wakati wa mapumziko Kidoti alimwuliza, "Kwenu kukoje? Vitabu ni vingi?" Cherehani akasema anaumwa tumbo, akaondoka zake.

Jioni hiyo Bibi hakusogelea rafu. Alisema hana hamu. Alipotaka kwenda uani alimwita Mama amshike mkono, yeye ambaye siku zote alikwenda mwenyewe akiimba.

Jumamosi asubuhi Mama alimvisha Bibi gauni lake la kutokea. Rafu iliyopambwa aliiona, akadhani ni mapambo ya wageni tu, kwa kuwa hakuwahi kujua mpangilio wa vitabu vile. Walikuwa wamefika kizingitini wakati Cherehani alipotoka mbio chumbani.

"Msiende!"

"Kuna nini tena?" Mama aligeuka. "Tutachelewa foleni."

"Bibi hajasahau kitu. Ni mimi. Nilivihamisha vitabu. Nilivipanga kwa rangi ili wenzangu waone. Bibi aliponiuliza nikasema hapana." Maneno yalitoka yote kwa mkupuo, na machozi nyuma yake.

Mama alifungua mdomo, lakini Bibi akamgusa bega kumzuia. Kisha akavua viatu vyake vya safari, akarudi ndani akipapasa ukuta, moja kwa moja hadi kwenye rafu. Alikigusa kitabu kimoja, akagusa cha pili.

"Kwa rangi," alisema. "Kumbe!" Akaketi kitandani kwa kishindo, akashusha pumzi ndefu. Cherehani hakujua kama Bibi analia au anacheka. Ilikuwa yote mawili.

Wanakikundi walipofika walikuta vitabu vimetapakaa sakafuni na mwenyeji wao katikati, macho mekundu. Cherehani aliwaeleza kila kitu, hata sehemu ya uongo. Alingoja wamcheke. Kidoti akauliza tu, "Bibi, sasa wewe unavitambuaje?"

"Keti nikuonyeshe," alisema Bibi.

Walifanya kazi mpaka mchana. Kila kitabu Bibi alikijua kwa mahali pake: watoto walisoma jina, yeye akataja mahali, wakakiweka. Kisha Cherehani akapata wazo, na safari hii aliomba ruhusa kwanza. Kwenye ukingo wa kila sehemu ya rafu walibandika alama ya kushika: vifungo vya shati kwenye hadithi za safari, kamba ya katani kwenye kilimo, utepe laini kwenye mashairi. Kidoti alifumba macho akajaribu, akatoa kitabu cha mbolea badala ya mashairi, na Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. Ilikuwa rafu ya rangi zilizochanganyika ovyo, lakini wote walikubaliana kwamba hawajaona nzuri kama ile.

Wageni walipoondoka Bibi alimwita Cherehani akae karibu naye.

"Bibi, umenikasirikia kwa vitabu?"

"Vitabu? Vitabu hurudishwa, umeona mwenyewe. Kupamba nyumba si kosa. Ungeniuliza, ningekusaidia." Bibi alimshika mkono. "Lakini sikiliza. Juzi nilipopapasa ile rafu, mkono wangu uliniambia kwamba imehamishwa. Wewe ukaniambia haikuguswa. Nikaacha kuuamini mkono wangu, nikakuamini wewe. Ndiyo maana niliogopa hata kupika chai."

Cherehani aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Bibi. Sikufikiri ingefika huko."

"Nimekusamehe. Ila kumbuka, mtu anayesema uongo hajui utamfikia nani wala utamnyang'anya nini. Sema kweli mapema, hata ikikugharimu. Nikikuuliza jambo, mjukuu wangu, siwezi kwenda kutazama kama umesema kweli. Ndiyo sababu nakuuliza wewe."