Mapapai ya Mwana Somoe

Zamani, miji ya mawe ya pwani ilipokuwa ikijitawala na kila mfalme akiwa na ngoma yake, mji wa Kijumbani ulizingirwa na jeshi la Mtangani. Mashamba yalichomwa, ghala zikapungua. Tumaini likabaki kwa jemadari Ngwali bin Shaha, aliyeagizwa avuke nyika na wapiga mishale wachache, akaombe msaada kwa washirika wao wa milimani.

Nyikani wasingeweza kupika, maana moshi ungewasaliti. Mfalme akamtuma Ngwali kwa Mwana Somoe, mjane wa tajiri wa vitambaa, ambaye mapapai yake makavu ya sukari yalisifiwa katika arusi za wakubwa.

"Naondoka kesho kutwa, Mwana," Ngwali alisema, mkono juu ya kipini cha jambia. "Nitayarishie ya kutosha."

"Kesho kutwa hayatakuwa tayari, Bwana jemadari. Nipe juma moja."

"Watu wana njaa."

"Najua. Nami nina wajukuu humu ndani."

Ngwali hakuwa mtu wa kungoja. Akawaamuru askari wake wapike wenyewe. Walikata mapapai mabichi vipande vinene, wakayachemsha kwa moto mkali katika shira nzito ya sukari, wakayaanika juani juu ya paa. Siku ya pili yaling'aa kama kaharabu. Mwana Somoe akaja, akavunja kipande kimoja, akamwonyesha Ngwali maji yaliyobaki ndani.

"Jua limekausha ngozi tu. Haya yatachacha."

Ngwali akafunga mikoba.

Alfajiri walipotoka, doria ya Mtangani iliwavamia karibu na mikoko. Mishale ikaruka, ngao za ngozi zikatobolewa, na Ngwali akarudi langoni akimbeba rafiki yake Mbwarali, aliyechomwa mkuki pajani. Ikawapasa kungoja doria ile iondoke. Siku chache baadaye walipofungua mikoba, vipande vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na kunuka kama tembo la mnazi lililolala.

Ngwali aliketi mbele ya mikoba ile. Kama wasingerudishwa nyuma, wangeyagundua haya katikati ya nyika. Akainuka, akaenda kwa Mwana Somoe.

Alimkuta kazini. Vipande vyake vyembamba, vya unene mmoja, vilikwisha lowekwa katika maji ya chokaa yaliyochujwa ili visivurugike, vikaoshwa sana. Aliviweka kwanza katika shira nyepesi, na kila siku akaiongezea sukari kidogo, utamu upate kuingia hadi ndani. Sasa vilikuwa kivulini, juu ya mikeka, penye upepo.

"Nimekosa, Mwana," alisema Ngwali.

"Keti nisaidie kuvigeuza. Vya pembeni bado."

Doria ilipoondoka, walivuka nyika kwa vipande vile na maji ya vibuyu. Vilikuwa laini, vikavu hadi ndani, na havikuharibika hadi cha mwisho. Wengi walichubuka nyayo, lakini hakuna aliyeanguka kwa njaa. Washirika wa milimani walikubali, wakashuka na mikuki yao, na jeshi la Mtangani likavunjwa nje ya kuta.

Mfalme alimwita Ngwali barazani, akamvika joho la hariri, akaamuru siwa, baragumu la kifalme, ipigwe kwa heshima yake.

"Nashukuru, mfalme wangu," Ngwali akasema. "Ila naomba ikapigwe mlangoni pa Mwana Somoe. Sisi tulitembea tu."

Ndivyo mji mzima ulivyopanda kichochoro chake nyuma ya siwa. Mwana Somoe akatoka, mikono ikinata sukari, akawatazama wapiga mishale mmoja mmoja, midomo ikihesabu. Alipomfikia wa mwisho, akaona hakuna aliyepungua, akajifunika uso kwa ukaya, akalia. Ngwali akapiga magoti kizingitini, na watu wake wote wakafuata.

Wasimulizi wa Kijumbani walihifadhi majina ya waliopigana. Jina la Mwana Somoe walilitaja kwanza.