Shule ya Udereva Yenye Gari Juu ya Matofali

Nilitoka kuoga, taulo bado kichwani, nikamkuta mama yangu mzazi anazifua sahihi zangu.

Si mafumbo. Karatasi kumi na moja, sahihi mia mbili na kumi na nne, wiki tatu za kugonga milango ya watu... zote ziko ndani ya beseni la sabuni. Mama kakunja mikono ya gauni, anazisugua kama soksi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafua."

"Unafua karatasi?"

"Zilikuwa chafu."

Wala hakuinua uso.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, mnanijua. Mimi ndiye mnayeniita Kipaza. Nina steshenari karibu na stendi, nawaandikia watu barua za kwenda ofisini, sheria nimejisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia vitumbua vya watu. Nakumbuka nani alituahidi bomba la maji, mwaka gani, na siku hiyo alivaa shati gani.

Sijawahi kuchaniwa karatasi na adui. Leo naharibiwa na aliyenizaa.

Tena karatasi zenyewe zilikuwa za kumwokoa mwanawe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mdogo wangu ni mchomeleaji. Fundi kwelikweli, geti lake hulisikii likilia hata likae miaka kumi. Lakini pombe ilimkamata zamani, halafu akaanza kuichanganya na vidonge. Wiki sita zilizopita akaamua kuacha. Mwenyewe. Kimya kimya. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaanguka jikoni mbele ya mama. Mwili umekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni.

Daktari wa kituo cha afya hakutuficha.

"Aliyezoea kiasi hiki asiache ghafla akiwa peke yake. Safari nyingine hatarudi. Anatakiwa kuachishwa taratibu, kwa dawa, chini ya uangalizi. Na apate watu wa kukaa nao."

"Huduma hiyo iko wapi hapa mjini?"

Daktari akamtazama nesi. Nesi akatazama dirisha.

"Hapa hatuna," nesi akasema.

Ule mtazamo wa dirishani nikauhifadhi. Mimi vitu kama vile havinipiti.

Nikaenda ofisi ya mji. Ukutani, karibu na mlango wa choo, kuna bango: msaada kwa walioathirika na pombe na dawa za kulevya, piga namba hii. Nikapiga palepale.

"Haloo, seremala hapa."

"Natafuta huduma ya kuacha pombe."

"Aa, dada, pole. Wewe ni wa tisa mwezi huu. Niliwaambia wabadilishe namba, wakasema imeshachapwa."

Nikaingia kwa afisa wa ustawi.

"Huduma ipo," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye mpango."

"Mpango uko wapi?"

"Umepitishwa."

"Kwa hiyo mtu akianguka jikoni nimbebe nimpeleke kwenye mpango?"

"Dada, punguza sauti. Hii ni ofisi."

Sikupunguza. Nikatoka pale nikachapa karatasi, nikaanza kukusanya sahihi. Tunadai huduma. Jina, kazi, namba ya simu, sahihi.

Hapo ndipo mambo yakaanza kunukia vibaya...

Kinyozi alisaini jioni. Asubuhi akaja mbio dukani.

"Dada Kipaza, nifute."

"Kwa nini?"

"Nimekumbuka nina kazi."

"Kazi na sahihi vinahusiana nini?"

"Nifute tu, dada."

Muoka mikate yeye alinifungia mlango hata salamu sijamaliza. Nikasikia anateremsha komeo.

Na mdogo wangu naye, ambaye majuzi tu alikuwa hawezi kushika kikombe bila kumwaga, akaanza kuamka mapema. Anaoga. Anavaa shati safi. Anabeba mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Nasoma udereva."

"Wewe?"

"Mimi."

"Uliyeanguka jikoni juzi? Nani huyo mwendawazimu amekupa usukani?"

Sauti ya mama ikatoka chumbani: "Mwache mwanangu asome."

Nikanyamaza. Lakini kunyamaza kwangu si kusinzia.

Shule ya udereva yenyewe iko nyuma ya ghala la mbolea. Ina gari moja, limekaa juu ya matofali, halina gurudumu hata moja. Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Nikaichunguza siku tatu mfululizo. Watu wanaingia saa tatu mmoja mmoja, hawaongozani. Wanatoka saa tano vilevile. Hakuna aliyewahi kuwasha kitu.

Siku ya tatu nikamwona dereva wa lori anaingia. Yule mimi mwenyewe nilimtolea kopi ya leseni yake. Leseni ya miaka kumi na mbili. Anasomea nini?

Nikajumlisha. Gari bovu, watu wa kuvizia, mtu mwenye vidonge kichwani, na mji mzima umefumba mdomo... Wanauziana unga humo. Mwalimu ndiye muuzaji. Nesi analijua. Na mama yangu, sijui wamemtisha nini, anawafichia.

Kwa hiyo nilipomkuta na beseni lile, sikubishana. Nilivaa, nikachaji simu mpaka ikajaa, nikatoka.

"Unakwenda wapi na simu hiyo?" mama akauliza.

"Kusoma udereva."

Alidondosha karatasi. Alinifuata mpaka getini miguu mitupu, mikono inachuruzika povu, ananiita kwa jina nililoitwa nikiwa mtoto. Sikugeuka.

Dirisha la nyuma la shule lina kioo kilichovunjika pembeni. Nikaweka simu kwenye tundu. Rekodi.

Ndani kulikuwa na meza pana iliyochorwa mji: barabara, mzunguko, taa, kivuko cha waenda kwa miguu. Ile meza ya kufundishia, yenye vigari vya kuchezea. Watu tisa wameizunguka. Kinyozi yupo. Dereva wa lori yupo. Muoka mikate yupo. Nesi wangu wa dirishani ameshika mkono wa mtu anamhesabu mapigo. Mtu mwenyewe ni mdogo wangu.

Nesi akampa kidonge kimoja na maji. Akaandika kwenye daftari.

Nimewapata, nikasema moyoni.

Kisha mdogo wangu akaokota kigari, kalori kadogo kekundu, akakashika mkononi. Wote wakanyamaza. Nikaelewa kwamba mwenye gari ndiye mwenye zamu ya kusema.

"Leo siku ya thelathini na moja," akasema. "Mikono imetulia. Usingizi bado. Jana nilipita pale kona nikasikia harufu, nikavuka barabara."

"Ulivuka wapi?" mwalimu akauliza.

"Hapo penye mistari, mwalimu. Nasoma, sisomi?"

Wakacheka. Sikuwahi kusikia mdogo wangu akichekesha watu akiwa hajalewa, tangu tukiwa wadogo.

"Sasa hivi siiogopi chupa kama ninavyomwogopa dada yangu," akaendelea. "Akijua, nimekwisha. Na nyie mmekwisha."

Simu ikanitoka, ikagonga kioo.

Nesi ndiye aliyefungua mlango wa nyuma.

"Zima hiyo."

"Uliniambia hamna huduma."

"Nilikwambia kituo cha afya hatuna, na hatuna. Hapa nakuja siku yangu ya mapumziko. Dawa anaandika daktari. Zima simu."

Nikazima.

"Mngeniambia ningewasaidia," nikasema. "Nimezunguka wiki tatu nakusanya sahihi kwa ajili yenu."

"Sahihi zenye majina na namba za simu," akasema mwalimu. "Sita ni za waliokaa hapa. Walisaini kwa kukuogopa, ukikataliwa unauliza sababu. Ulitaka kuzipeleka wapi?"

"Ofisi ya mji."

"Ileile iliyotufungia mara ya kwanza. Ndiyo maana jana tulimwomba mama yako aziharibu."

"Iliwafungia lini?"

Muoka mikate akasimama.

"Kipaza, si unajisifu una kumbukumbu?"

"Ninayo."

"Mwaka juzi. Nyumba ya bati la kijani nyuma ya kiwanda cha mbao. Uliandika nini?"

Nikajibu haraka, tena kwa maringo, kabla sijajisikia mwenyewe. "Niliandika kuna nyumba geti lake linafungwa kwa ndani, watu wanaingia hawaruhusiwi simu, wanalishwa vidonge. Nikawafichua. Ikafungwa siku ya tatu."

"Na ukaweka picha."

"Ya geti."

"Ya geti, na watu wanaingia. Wa tatu kutoka kushoto, gauni la zambarau."

Nikamtazama. Nikalikumbuka gauni. Uso sikuwahi kuutazama.

"Nilikuwa na siku ya tisini," akasema. "Jioni ile mwenye nyumba akanionyesha simu. Wateja wakasema hawali mkate wa teja. Mimi nilihama mtaa, nikaanza upya. Yule aliyekuwa mbele yangu, mwenye kofia, alijifungia chumbani akajaribu kuacha peke yake. Kama mdogo wako. Ila yeye hakuwa na mama jikoni."

Post ile ilisambazwa na watu elfu tatu. Mimi nilikuwa naiita ushindi. Niliwahi kuitolea kopi nikaibandika dukani.



"Tuna sheria moja," mwalimu akasema taratibu. "Mahali pakijulikana, tunahama. Na aliyefuatwa hatumwambii tulikohamia. Tuliipitisha wote."

"Naijua," mdogo wangu akasema.

Akakaweka kalori mezani, kwenye maegesho, sawasawa ndani ya mistari. Akachukua mfuko wake. Ile mikono iliyotulia ikaanza kutetemeka mbele ya macho yangu.

Siku yake ya thelathini na moja ilikuwa inatoka nje kwa mguu, na mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

"Mimi ndiye niliyekosa," nikasema. "Nifukuzeni mimi."

"Wewe hujawahi kuwa ndani," nesi akajibu.

"Nitaifuta ile post."

"Ilishafika kila simu."

"Basi nitaandika, niwaombe radhi."

"Uandike tena?" muoka mikate akasema. "Utatuanika mara ya pili, safari hii kwa huruma."

Ndugu zangu, mimi nimebishana na wakubwa wa mji huu wote. Pale nilipiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Niandike nilichofanya mimi tu. Muisome kwanza nyie. Kila mtu akate anachotaka. Mmoja akikataa, haiendi. Lakini huyu msimwache. Akirudi kule peke yake, mnajua atakapoishia."

Kuku wakasikika kwenye gari.

Muoka mikate akamgeukia mdogo wangu. "Wewe unasemaje?"

Alifikiri. "Dada hawezi kuacha kuandika. Ile ndiyo chupa yake."

Kinyozi akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Basi tusimwachishe ghafla," nesi akasema. "Taratibu. Chini ya uangalizi."

Wakanyoosha mikono. Wote wakakubali abaki, nami niandike. Muoka mikate alikuwa wa mwisho kunyoosha, akiwa bado hajanisamehe, na akaniambia hivyo hivyo usoni.

Hii mnayosoma imepita mikononi mwa watu tisa, na wa kumi ni mama. Nimeandika siku nne, wamekata siku nne. Na sasa niwaambie, kwa amri yao: msijisumbue kwenda nyuma ya ghala la mbolea. Hakuna shule. Hakuna dereva wa lori, hakuna muoka mikate, na mdogo wangu hajawahi kuchomelea geti maishani mwake. Kazi za watu zote nimezibadilisha. Kosa tu ndilo nimeliacha lilivyo, na ni langu.

Kama una mtu anayekunywa mpaka anatetemeka, usimwache aache ghafla akiwa peke yake. Mtafute daktari au nesi, ufunge mlango, uulize kwa sauti ndogo. Wakikutazama dirishani, usiwadhanie ubaya haraka. Labda wanapima wewe ni mtu wa namna gani.

Na ukiona watu wanaingia mahali hawakukuaga, simu yako iache mfukoni. Nilidhani kila mlango uliofungwa una mwizi ndani. Kumbe kuna milango imefungwa kwa sababu mwizi yuko nje, tena mwenye maneno mengi.

Ofisi ya mji nayo isifurahi. Namba ya seremala bado iko ukutani, na mimi bado nina karatasi.

Jana asubuhi mdogo wangu aliamka, akaoga, akavaa shati safi, akachukua mfuko wake. Alipofika njiapanda hakukata upande ule wa siku zote.

Walihama hata hivyo.

Yeye walimwambia wako wapi. Mimi hawakuniambia.

Na sikuuliza.