Maji Aliyonyimwa Chiriku

Jirani zangu, nisikilizeni, maana haya yalitokea ukuta mmoja na kwangu.

Asubuhi ile nyumba ya mama mmoja, fundi cherehani, ilikuwa shwari. Yeye anashona sare za shule, mama mkwe wake anachagua mchele, na bintiye wa miaka miwili, tuliyemwita Chiriku kwa kupiga domo kutwa, amekivisha kijiko vitambaa, anakibembeleza.

Kufika saa nne Chiriku alikuwa ameharisha mara tatu. Tumbo la kuhara, nani hajaliona? Hakuna aliyeshtuka. Mtoto akalia, "Maji! Mama, maji!"

Fundi akainuka na kikombe. Mkwewe akamshika mkono.

"Weka chini, mwanangu. Anatoa maji, nawe unamwongezea? Tumbo likikauka litafunga lenyewe. Nimelea saba mimi."

"Lakini mama, midomo imemkauka."

"Vumilia. Kesho utanishukuru."

Fundi akakiweka. Mkwe hajibizwi, si ndivyo tulivyofunzwa? Nami nilikuwa pale mlangoni, nimefuata gauni langu. Nilijua bibi anakosea, zahanati walishatueleza. Nikajiambia, ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Nikachukua gauni, nikaaga.

Alasiri Chiriku akaacha kuomba.

"Mnaona? Ametulia," bibi akasema.

Jamani, hakutulia. Macho yalikuwa yamezama, hajakojoa tangu asubuhi. Fundi akambeba mbio hadi zahanati. Muuguzi akatafuta mshipa wa kumtundikia dripu ya maji, mkononi, mguuni, kichwani. Alipoupata, mtoto hakuwepo tena.

"Mngempa maji tu, dada," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomwangusha fundi sakafuni.

Tulizika kesho yake. Siku hizi bibi humwita fundi kupitia mlango uliofungwa, "Mwanangu." Haitikiwi.

FUNZO

Anayeharisha anapoteza maji na chumvi, mrudishieni. Ile pakiti ya chumvi na sukari ya zahanati, ORS, ichanganywe kwa maji safi kama ilivyoandikwa, apewe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea. Anayenyonya anyonye, anayekula ale. Macho yakizama, machozi yakikosekana, akilegea, akishindwa kunywa au akitoa damu, kimbia hospitali, usingoje kesho.

Nawe unayejua, sema, hata mbele ya mkwe wa mtu. Mimi nilinyamaza kwa adabu. Adabu yangu iko pale makaburini, urefu wake haufiki hatua mbili.