Kompyuta ya Silvano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Anjelina alifagia uwanja, akachota maji kwenye tangi la mvua nyuma ya nyumba, kisha akampelekea kaka yake uji. Silvano alimsubiri mkekani, mgongo ukutani, vitabu vikiwa vimemzunguka. Tangu alipoanguka kutoka juu ya mkorosho na kuvunjika nyonga, hakuweza tena kutembea hadi shuleni. Mfupa uliunga vibaya. Kutoka barazani hadi chooni kwa magongo tu kulimtoa jasho.

"Novemba nitafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea," alipenda kusema. "Nikifaulu, nitasomea ualimu. Mwalimu hahitaji kupanda mikorosho."

Mwalimu Agatha, aliyemfundisha Anjelina hisabati, alikuwa amemkusanyia Silvano masomo ya video kwenye flashi. Kilichokosekana ni kompyuta. Malipo ya pili ya korosho yalipotoka, baba yao, mzee Ambrosi, alisema bati za nyumba zitasubiri, watoto wanunuliwe kompyuta.

"Msitafute uzuri," Mwalimu Agatha alimwonya Anjelina. "Kwenu Mkunya hakuna umeme. Tafuteni yenye betri nzima. Muuzaji aichomoe waya, aiwashe, ninyi mwende mkanywe chai. Mkirudi mkaikuta bado inawaka, chukueni hiyo, hata kama imechubuka."

"Ndiyo, mwalimu," Anjelina aliitikia.

Jumamosi iliyofuata, yeye na baba yake wakapanda basi hadi Masasi. Karibu na soko walikuta duka la kijana aitwaye Alfani, aliyeuza kompyuta zilizokwisha kutumika. Mzee Ambrosi alimwambia shida yao, kisha akavuka barabara kwenda kuulizia salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. "Chagua wewe, mwanangu. Mimi hata kuiwasha sijui."

Alfani aliweka kompyuta mpakato mbili juu ya meza. Moja ilikuwa nyeusi, nene, herufi za kibodi zimefutika. Nyingine ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, na vitufe vyake viliwaka taa nyekundu. Ndani yake mlikuwa na gemu la mbio za magari. Alfani alimwacha Anjelina ajaribu. Gari likanguruma, likapinda kona, likaruka daraja. Anjelina alicheka peke yake.

"Dada, nikwambie ukweli," Alfani alisema. "Hiyo ni ya mtu mwenye umeme ukutani. Betri imechoka, na hayo magemu yanakula chaji kama moto. Kama ni ya kusomea kijijini, chukua hii nyeusi."

Anjelina aliitazama ile nyeusi, akaona haina hata sauti nzuri. Baba yake aliporudi na kuuliza mwalimu alisema ipi, alinyoosha kidole kwenye taa nyekundu.

"Alisema ya namna hii, baba."

Alfani alifungua mdomo, lakini mteja mwingine alimwita, na mzee Ambrosi alikuwa tayari anatoa pesa.

Nyumbani Silvano aliipokea kwa mikono miwili. Somo la kwanza la kemia halikufika katikati, kioo kikawa cheusi. Wakadhani haijachajiwa vizuri. Mzee Ambrosi akaipeleka kwa baiskeli hadi kibanda cha kuchaji simu pale Newala, karibu na shule ya Anjelina. Ikarudi imejaa, ikazimika tena mapema vilevile.

Ikabidi kompyuta ikae kibandani, kwenye umeme. Anjelina alijitolea kuilinda baada ya masomo, na kila jioni yeye na wenzake walishindana magari hadi mwenye kibanda alipofunga. Silvano alikwenda mara moja tu, kwa bodaboda. Barabara ilikuwa ya mashimo. Aliposhuka, gongo liliteleza akaangukia ile nyonga mbovu. Akalala juma zima akigeukia ukutani, na vitabu vikabaki vimefungwa.

"Sitakwenda tena," alimwambia mama yao. "Mwambieni Mwalimu Agatha asihangaike."

Mzee Ambrosi alipandwa na hasira, akiamini Alfani aliwauzia kompyuta mbovu makusudi. Alikwenda Masasi peke yake, na kompyuta kwenye mfuko. Jioni alirudi nayo. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua viatu, akamwita Anjelina.

"Leo nimemwita mtoto wa watu mwizi, sokoni, watu wamejaa. Akaniuliza kwa upole, 'Baba, binti yako hakukwambia?' Wewe, hukuniambia nini?"

Anjelina alisema yote: maneno ya mwalimu, ya Alfani, na gemu. Alisubiri fimbo. Baba yake hakuinuka. Alijifuta macho kwa kiganja, jambo ambalo Anjelina hakuwahi kuliona, na hilo likamuuma kuliko fimbo.

Jumamosi iliyofuata baba na binti walisimama tena mbele ya Alfani.

"Shikamoo, kaka," Anjelina alisema akitazama chini. "Nilikudhulumu. Nisamehe."

"Marahaba. Nami nilipaswa kusema siku ile ile, nikakimbilia mteja mwingine." Alfani alitikisa kichwa. "Ile nyeusi imeshauzwa. Betri ya hii nitaiagiza Dar es Salaam. Itachukua muda."

Ilichukua muda kweli. Anjelina alinakili masomo kutoka vitabu vya Mwalimu Agatha na kumsomea kaka yake jioni, lakini hesabu nyingine hata yeye hakuzielewa, na Silvano alisikiliza kama mtu aliye mbali. Betri ilipofika, Mwalimu Agatha alikuja mwenyewe Mkunya. Aliondoa magemu yote, akasafisha virusi, akapunguza mwanga wa kioo ili chaji idumu, na kumwekea Silvano masomo mahali pa kuyaona mara moja. Siku hiyo kompyuta iliwaka mchana kutwa. Lakini mtihani ulikuwa umekaribia mno.

Silvano aliufanya. Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka hisabati na kemia. Alimrudishia Mwalimu Agatha simu yake aliyoyasomea matokeo hayo, akaingia ndani.

Anjelina alimfuata mama yake jikoni akilia. "Mama, kompyuta sasa ni nzima. Atafanya tena, siyo?"

"Huenda akafanya. Bado hajataka hata kuigusa." Mama alisukuma kuni katikati ya mafiga, akamvuta binti yake karibu. "Sikiliza, Anje. Baba yako alikuachia uchague kwa sababu alikuamini. Betri tumenunua nyingine. Mwaka wa kaka yako hauuzwi Masasi wala Dar es Salaam. Mtu akikuamini kwa jambo asilolijua, mwambie ukweli siku ile ile, maana ukichelewa, anayelipa siyo wewe. Sasa futa machozi, ukakae naye. Usimwambie kitu. Kaa naye tu."

Anjelina aliingia chumbani, akaketi mkekani kando ya kaka yake. Silvano hakugeuka, ila hakumfukuza.