Cheni Iliyokazwa Mno

Mume wangu watu humwita Kaza. Hawajamwonea, jina linamfaa. Akifunga chupa ya mafuta ya kupikia, hakuna mwingine nyumbani anayeweza kuifungua. Mimi nimeshazoea. Ninaita tu, "Baba, njoo ufungue ulichofunga," naye anakuja huku anacheka.

Tunaishi chini ya kilima. Kazi yetu ni kuotesha miche ya matunda, na wateja wetu wengi wako juu. Njia ya kwenda huko ni mawe na makorongo, gari halipiti. Kwa hiyo tuna pikipiki ya magurudumu manne, na nyuma yake tunafunga tela la kubebea mizigo.

Mwezi ule binti yetu alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Zahanati iko upande wa pili wa kilima. Njia nyingine hatuna. Uchungu ukianza, ilikuwa lazima apande tela, nami nikae naye.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Kaza alimwambia. "Cheni nimeikaza mwenyewe. Hailegei ng'o."

Asubuhi moja jirani yetu alikuja kununua miche ya mipapai. Yeye ni fundi wa pikipiki, mwanamke mwembamba ambaye mdomo wake haupumziki. Tunamwita Mama Grisi. Kaza alitoa funguo mfukoni ili ampelekee miche kwake. Mama Grisi akazitazama zile funguo. Zilikuwa zimefungwa kwenye kipande cha cheni.

"Jirani, hicho kipande umekitoa wapi?" akauliza.

"Kwenye cheni ya hii hii pikipiki," Kaza akajibu kwa majivuno. "Ilikuwa inalegea kila mara. Nikaikaza mpaka boliti za kukazia zikafika mwisho. Basi nikatoa pingili mbili, nikaiunga tena. Sasa imetulia."

Mama Grisi akamshika mkono wenye funguo. Hapo nikajua kuna jambo.

"Usiwashe," akasema. "Toa gia, iwe nyutro, funguo zikae mfukoni. Wekeni jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma. Cheni inayozunguka inakula vidole."

Tukafanya hivyo. Akachuchumaa nyuma ya pikipiki. Pale nyuma cheni inazunguka duara kubwa la chuma lenye meno. Mafundi huliita sproketi. Mama Grisi akaishika cheni mahali pa nyuma kabisa pa duara lile, akaivuta kuelekea kwake. Cheni ikainuka kutoka kwenye meno. Niliinama nikachungulia. Kati ya cheni na meno niliona majani ya upande wa pili.

"Cheni nzima ukiivuta hapa haichezi," alisema. "Ikiinuka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Hapa naona karibu jino zima."

"Lakini imekaza," Kaza akasema.

"Kukaza ni jambo jingine. Kila pingili ina pini ndani. Pini zikilika, cheni inarefuka. Wewe ulipoikaza hukuitibu, uliuficha ugonjwa. Ukatoa pingili mbili, ukabaki na nyingine nyingi zilizolika vilevile. Na tazama meno, yamechongoka na kupinda. Tena umekaza mno. Gurudumu likipanda jiwe, cheni inataka nafasi ya kucheza. Hii haina. Itakatika."

Kaza alinuna. "Sema tu unatafuta kazi, jirani."

"Kazi ninayo tele. Usimpakie binti yako humo, nakuomba."

Maneno hayo yalimchoma. Akaanza kupakia magunia ya udongo kwenye tela. "Huu ni uzito wa mke wangu na binti yangu," akasema. "Nitapanda mpaka juu na nitarudi. Ukiniona, utaniomba radhi."

"Usiende," nilimwambia. Mume wangu akishaamua, masikio huyaacha nyumbani. Akaondoa mawe, akawasha, akaenda.

Tulisimama uani, sisi wanawake watatu, mimi, binti yetu na Mama Grisi, tukimtazama. Alipanda vizuri mwanzoni. Alipofika kwenye mwinuko wa mawe tukasikia ka, ka, ka. "Inaruka meno," Mama Grisi akasema. Kisha tukasikia mlio mmoja mkali, na injini ikanguruma bure. Pikipiki ikasimama, halafu ikaanza kurudi nyuma. Kaza alibana breki, lakini tela lilikuwa zito. Likajikunja, likapinduka, likavuta pikipiki. Kaza akaruka pembeni. Magunia yakaporomoka korongoni, yakapasuka juu ya mawe.

Binti yangu alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Magunia yale yalikuwa yamekaa mahali petu, mimi na yeye. Nilikuwa natazama kifo chetu kwa macho yangu, nami nimesimama uani nikiwa mzima.

Kaza alishuka kwa miguu, anachechemea, kiwiko kinavuja damu. Nilikuwa nimejaza matusi mdomoni. Alipotufikia alimtazama binti yake tu.

"Nilikuwa nikupakie wewe," akasema. Akakaa chini mavumbini, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Matusi yote yakaniishia.

Kesho yake, tulipokwisha kuishusha pikipiki na tela, Mama Grisi alileta cheni mpya na sproketi mbili, ya mbele na ya nyuma.

"Si cheni tu ndiyo imekatika?" Kaza akauliza, safari hii kwa upole.

"Meno mabovu yatakula cheni mpya upesi. Vibadilishe vyote pamoja."

Alimwonyesha namna ya kupima ulegevu. Unabonyeza cheni upande wa chini, katikati ya sproketi mbili, nayo inacheza kiasi cha upana wa vidole viwili hivi. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki. Unasukuma pikipiki kidogo, unapima tena mahali pengine, kwa sababu cheni hailiki sawa kote. Baada ya matope na mchanga, unaisugua kwa brashi na mafuta ya taa, unaifuta, ndipo unaitia oili. Kaza aliyafanya yote mwenyewe mbele yake, polepole, na hakukaza hata boliti moja kupita kiasi.

Uchungu ulianza mchana mmoja. Nilikuwa nimebeba mfuko wa nguo, nahimiza watu kama kuna moto. Kaza alikuwa ameshawasha. Binti yetu aliegemea tela, jasho linamtiririka, asipande.

"Panda, mwanangu, tunachelewa," nikasema.

"Bado," akajibu. "Baba, zima. Ivute cheni kwanza nione."

Kaza akazima. Akachuchumaa, akavuta. Cheni haikuinuka. Binti yetu akatazama mpaka akaridhika, ndipo akapanda.

Mjukuu wetu alizaliwa salama, msichana mwenye sauti kali. Walipoturuhusu kuondoka, nilitoka nje kumwita Kaza aje ambebe. Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya pikipiki, mkono uko kwenye cheni.

"Si uliipima wakati wa kuja?" nikamuuliza.

"Wakati wa kuja hatukuwa na mtoto," akasema, akaivuta tena.